Kisu cha mtandaoni, cha mhunzi na cha Mora: kipi ununue ukiishi Pwani?

Kisu kilinilegea mkononi Jumamosi ya pili tangu nikinunue. Tulikuwa shambani kwa mjomba, Matuga, ng'ambo ya Likoni, nami nachonga vijiti vikavu vya mwarobaini tuwashe moto wa kuchomea samaki aina ya changu. Nilipokaza kiganja nikahisi kitu kinacheza ndani ya mpini, kama jino la mtoto lililokaribia kung'oka. Mjomba akanyosha mkono. "Hebu lete." Akakishika ncha kwa vidole viwili, akautikisa mpini, kisha akanirudishia bila kusema neno. Kimya kile kiliniuma, maana wiki nzima nilikuwa nikimsifia kisu changu kipya.

Nilikiagiza mtandaoni, kikaletwa mpaka mlangoni kwangu Tudor, Mombasa. Bei yake ingetosha visu vitatu vya mhunzi. Picha zilivutia kweli: bapa jeusi lenye unene wa milimita 5, meno ya msumeno mgongoni, mpini wa mpira wenye mistari ya kushikia, ala yenye kijiti cha kuwashia moto. Muuzaji aliandika kwamba ni chuma kimoja tangu nchani hadi kitakoni. Nikaamini, nikalipa.

Tangu siku ile nimekiweka ubavuni mwa visu viwili vingine nilivyonavyo, nikavitumia vyote kwa kazi zilezile: kuparuza na kupasua samaki kwenye mkono wa bahari wa Mtwapa, kukata kamba ya katani, kufua nazi pale panapokosekana kifuo, kuchonga vijiti vya moto na kumenya embe. Cha kwanza ni kisu cha mhunzi, kilichofuliwa kwa springi ya gari. Cha pili ni Mora ya Sweden, aina ya Companion, ile ya chuma kisichoshika kutu, niliyoletewa na shemeji kutoka Ulaya. Opinel ya kukunja, ya Ufaransa, nitaigusa pia kwa sababu watu huniuliza habari zake kila mara.

Ndani ya mpini

Baada ya majaribio yote nilikipeleka kisu kilicholegea kwa fundi anayefua mapanga na visu upande wa Kongowea, yeye ndiye aliyenitengenezea kile cha springi. Nikamwomba aupasue mpini. "Ami, nikipasua sitaweza kuurudisha," akanionya. Nikamwambia apasue.

Chini ya mpira hapakuwa na chuma kimoja. Palikuwa na kijiti cha chuma, upana wa penseli, urefu usiofika hata nusu ya mpini, kimechomelewa kwenye kitako cha bapa. Pale penye weldi palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ndani ya ufa kutu imekwisha kuingia. Fundi aliugusa kwa ukucha. "Hivi ni vyuma viwili, ami. Vimefichwa tu ndani ya mpira."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kisu kinaweza kuwa na makali mabaya ukayanoa, kikawa na ala mbovu ukaitupa ukashona nyingine. Lakini pale bapa linapoingia mpinini ndipo nguvu zote za mkono hukutana, na kikikatika hapo, kinakatika kiganja kikiwa kimekaza na bapa likiwa linaelekea kokote. Weldi nayo hukipasha chuma moto usio sawasawa, sehemu moja ikabaki ngumu ya kuvunjika na jirani yake ikawa laini. Huwezi kuchagua mahali pabaya zaidi pa kuunganishia.

Wapenzi wa visu hushauriana kwamba tiba ni kununua tu kisu ambacho chuma chake kina upana uleule wa mpini hadi mwisho. Nami niliamini hivyo, na ndiyo maana maneno ya muuzaji yalinikamata. Baada ya kuvilinganisha hivi vitatu sikubali tena. Chuma cha Mora hakijai mpini. Kinaingia kikiwa chembamba kuliko bapa, kinaishia kabla ya kitako. Hata hivyo ni chuma kilekile cha bapa, hakina kiungo, na plastiki ya mpini imemiminwa ikiwa ya moto ikakizunguka, kwa hiyo hapana nafasi ya kucheza wala ya maji kujificha. Kisu cha mhunzi nacho kina mkia unaochongoka. Fundi aliupasha moto mpaka ukaiva, akauchoma ndani ya mti ukajitengenezea njia yake wenyewe, ukatokea upande wa pili, akaukunja kwa nyundo. Mbele akavisha noleo, yaani pete, la shaba ili mti usipasuke. Mpini wenyewe ni kipande cha mpingo kilichobaki kwa wachonga vinyago wa Changamwe, mzito, na hata ukilowa hauvimbi hovyo. Kimepigwa, kimeangushwa, kimegongwa kwa gogo mgongoni, hakijacheza.

Kwa hiyo swali la kuuliza dukani ni moja: bapa na mkia ni chuma kimoja? Upana ni jambo la pili. Ukiwa na kisu mkononi, kifunge ncha kwa kitambaa, ishike, kisha uzungushe mpini kushoto na kulia huku kidole gumba kikiwa juu ya kiungo. Kidole husikia mchezo ambao jicho halioni. Kisha inua kiungo kwenye mwanga; ukiona mstari mweusi kati ya chuma na mpini, hapo ndipo maji ya chumvi yatakapolala. Ukinunua mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya kisu kisicho na mpini au maelezo ya namna mpini ulivyofungwa. Akikurudishia picha zilezile za tangazo, achana naye.

Chuma chenyewe

Kwenye bapa la kisu changu pamechongwa 3Cr13. Ni jina la aina ya chuma katika viwango vya China, na ukilijua kulisoma linakueleza mengi: kaboni takriban asilimia 0.3, kromiamu takriban asilimia 13. Kromiamu ndiyo inayozuia kutu. Kaboni ndiyo inayokipa chuma uwezo wa kuwa kigumu kikishika makali. Asilimia 0.3 ni kidogo kwa kisu cha kazi. Hata kikitiwa moto vizuri, kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell huishia 52 hadi 55 hivi. Mora ya chuma kisichoshika kutu hutumia 12C27 cha Sweden: kaboni asilimia 0.6, kromiamu 13.5. Kinga ya kutu inakaribiana, lakini kaboni ni maradufu, na ugumu hupanda hadi 56 na kuzidi. Springi za gari kwa kawaida huwa na kaboni asilimia 0.5 hadi 0.6, kromiamu ikiwa chini ya asilimia 1. Ni chuma kilichobuniwa kupinda na kurudi mara milioni chini ya lori, ndiyo maana wahunzi wetu wanakipenda.

Namba hizi hazitoshi peke yake, kwa kuwa chuma kizuri huharibiwa na moto mbaya. Fundi wa Kongowea hukipasha kisu mpaka sumaku iache kukishika. Hilo hutokea chuma kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi, naye huongeza kidogo hapo kisha hukizamisha kwenye mafuta. Kikitoka hapo ni kigumu kama kioo, ukikiangusha sakafuni kinaweza kuvunjika. Ndipo anapokisugua kikang'aa na kukipasha tena kwa moto wa polepole, akitazama rangi inavyotembea juu ya chuma. Inapofika rangi ya nyasi kavu, karibu nyuzi 220, anakitoa. Akichelewa, rangi hufika buluu, na makali huwa laini zaidi ya anavyotaka.

Haya yote anayafanya kwa jicho. Hiyo ndiyo nguvu ya kisu cha mhunzi na ndio udhaifu wake pia. Cha kwangu kilitoka kigumu kupita kiasi. Wiki ya kwanza nilipopasua kichwa cha samaki kolekole kikapata mapengo mawili madogo. Nilimrudishia, akakipasha tena palepale nikiwa nimekaa kwenye benchi lake, akakinoa upya, hakikupata pengo tena. Sikulipa hata shilingi. Yule wa mtandaoni alinijibu kwamba siku za kurudisha bidhaa zimepita.

Ukitaka kupima, chukua tupa, uivute polepole karibu na makali, mahali ambapo hutaharibu. Juu ya chuma kilichotiwa moto sawasawa tupa huteleza kama juu ya kioo. Juu ya chuma laini hung'ata. Kwenye kisu changu cha bapa jeusi iling'ata kama inakula sabuni.

Chumvi

Ukikaa Nairobi unaweza kuruka sehemu hii. Mombasa huwezi. Hewa yetu peke yake ina chumvi na unyevu wa kutosha. Kisu cha springi nikikiacha dirishani wakati wa kusi, asubuhi nakikuta na vidoa vya rangi ya machungwa. Usiku mmoja tu.

Nilivifunga vyote vitatu kwenye kitambaa kilicholoweshwa maji ya bahari, nikaviacha mpaka asubuhi. Cha mhunzi kilikuwa chekundu bapa zima, kama nilivyotarajia. Mora ilikuwa kama nilivyoilaza. Kile cheusi ndicho kilichonishangaza: bapa lilikuwa na vidoa vichache, lakini pale penye mpini palitiririka mchirizi wa kahawia.

Sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa tangazo lilisema hakishiki kutu, na chuma chenye kromiamu asilimia 13 kwa haki kilipaswa kuvumilia. Kinga ya chuma cha aina hii ni utando mwembamba sana wa kromiamu iliyoungana na oksijeni. Ukikwaruzwa hujiziba wenyewe mradi hewa ipo. Chumvi huutoboa, na mahali pa finyu pasipopita hewa, kama chini ya mpini uliolegea, hauwezi kujiziba. Kutu huanzia huko ndani na hutaiona mpaka imekwisha kula. Tena rangi nyeusi ilikuwa imefunika chuma kisichopigwa msasa. Ilipobanduka kwa kuchokoa makumbi ya nazi, chini yake palikuwa na mifereji ya mashine ya kusagia, na kila mfereji ni kitanda cha chumvi.

Kisu cha mhunzi kinaweza kuishi Pwani, ila kinadai utunzaji. Nakiosha kwa maji ya bomba nikitoka baharini, nakifuta, nakipaka mafuta ya nazi kidogo. Sikilazi ndani ya ala ya ngozi usiku, kwa kuwa ngozi hunywa maji ya chumvi na kuyaweka. Baada ya miezi ya kukata ndimu na embe bapa limegeuka kijivu cha kuiva, na kijivu hicho hupunguza kasi ya kutu nyekundu. Upande mbaya ni kwamba kisu cha namna hii kikiwa kipya huliachia tunda ladha ya chuma. Kama wewe ni mtu wa kurudi nyumbani ukiwa umechoka na kukitupa kisu kapuni pamoja na ndoana, usikinunue. Utakuwa unakionea.

Makali

Unene wa milimita 5 unapendeza kwenye picha. Kazini, bapa nene lenye makali mafupi hupasua badala ya kukata. Embe ngowe nililitaka vipande, nikapata rojo. Mgongo wa samaki ulivunjika kabla ya nyama kuachana na mfupa. Mora ina unene wa milimita 2.5 tu, bapa la sentimita 10 hivi, na mara ya kwanza niliishika nikadhani itapinda. Haikupinda. Hupita chini ya minofu ya changu ikitambaa juu ya mifupa, mkono hausukumi. Kisu cha mhunzi mgongoni kina karibu milimita 4, lakini fundi amekichonga kikinyooka hadi makali, kwa hiyo kinakata kama chembamba na kupigwa kama kinene. Kwa kumbi la nazi hakuna kinachokishinda katika hivi vitatu.

Kile cheusi kilikuja na makali yasiyolingana: upande mmoja mpana karibu na ncha, mwembamba karibu na mpini, upande wa pili kinyume chake. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeharakishwa. Nilikinoa kwa saa nzima kujaribu kusawazisha. Kisha kamba ya katani ikayalaza makali. Ukikitazama kisu kwa mbele chini ya taa unaona mstari unaong'aa, na makali mazuri hayang'ai, hayaonekani kabisa. Cha mhunzi na Mora vilimaliza kamba hiyohiyo vikaendelea.

Kunoa, Mora ndiyo rahisi kwa anayeanza. Ubavu wa makali ni mmoja, mpana na mnyofu. Unaulaza wote kwenye kinoo, unausukuma, na jiwe lenyewe linakuonyesha pembe. Nimemfundisha binti yangu mchana mmoja.

Meno ya msumeno mgongoni yasikudanganye. Hayakukata kijiti chochote cha unene wa kidole, yalichana ala kwa ndani, na yalinizuia kuweka kidole gumba mgongoni mwa kisu ninapochonga.

Ala ya kile cheusi ni ya kitambaa cha nailoni. Hukaa na maji siku mbili, na ukiigeuza juu chini kisu hudondoka. Ya Mora ni plastiki, unaisuuza bombani. Ya mhunzi hakuna. Nilishonewa na fundi viatu wa Mwembe Tayari. Kwa vyovyote, ukivuka feri weka kisu ndani ya kapu, kimefungwa, pamoja na vyombo vya uvuvi. Usikichomeke kiunoni.

Na Opinel?

Ni kisu kizuri sana cha kulia. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza Savoie mwaka 1890, na ile pete inayozungushwa kulifunga bapa lisikukunjikie vidole iliongezwa mwaka 1955. Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, inaingia mfukoni na inakata mkate, nyanya na embe kwa wepisi unaopendeza. Ukiichukua Pwani, tafuta yenye neno INOX kwenye bapa, ile nyingine ni chuma cha kaboni na itashika kutu. Lakini mpini ni mti, na mti wa ule mkato ambamo bapa hulala hunywa unyevu ukavimba, kisu kikawa kigumu kufunguka. Magamba ya samaki na mchanga huingia kwenye bawaba. Iende nawe pikiniki Mama Ngina, isiende nawe ngalawani.

Fedha yako iende wapi

Ukivua, hata kama ni kwa mshipi tu mwisho wa wiki, nunua Mora ya chuma kisichoshika kutu na usihangaike tena. Soma ala au kibandiko kabla ya kulipa, kwa sababu aina hiyohiyo hutoka pia kwa chuma cha kaboni na kwa macho zinafanana. Kwa sisi wa kisiwani, kama ni kisu kimoja tu, ndicho hicho.

Ukiwa na shamba, na maji unayoshika zaidi ni ya mvua, nenda kwa mhunzi. Mwambie kazi utakayokifanyia, chagua springi mwenyewe kwenye rundo lake, na usiondoke na kisu siku hiyohiyo kama hujajaribu tupa. Usimtake apunguze bei mpaka akaruka moto wa pili. Hapo ndipo kisu kinapopatikana au kupotea. Kwa kufyeka na kukata matawi, panga bado ni panga, kisu chochote kisilazimishwe kazi yake.

Visu vyeusi vinene vya meno mgongoni viache huko viliko. Ninajua vinavyovutia, nami vilinivutia. Kama tayari unacho, kitikise leo kabla hujakipa mtoto achongee mti.

Cha kwangu fundi alikikata weldi, akachonga mkia mfupi kutoka kwenye bapa lenyewe, akautia mpini wa mwarobaini. Sasa kina urefu wa kidole na kinaparuza magamba, kazi isiyohitaji makali. Mora inakaa kwenye kapu la ndoana. Cha springi kiko Matuga. Mjomba alikiomba mwenyewe, na kila nikienda nakikuta kimepakwa mafuta.